Shimo la Shambani Lina Hadithi Yake

Je, mpenzi msomaji, huko shambani kwenu Moiben au Ziwa kuna shimo pana la mviringo, lenye majani tele na mawe pembeni? Usiwe na haraka ya kulifukia. Huenda ni jumba la kumbukumbu lisilo na paa.

Katika mji wa Vienne, Ufaransa, kanisa kuukuu la Saint-Pierre limegeuzwa makavazi ya sanamu na mawe ya Warumi wa kale. Nasi tunayo nyumba iliyobadilishwa kazi namna hiyo. Ukitoka Eldoret ukapita Nakuru kidogo, kwenye barabara kuu ya Nairobi, utafika Hyrax Hill, yaani Kilima cha Pimbi. Nyumba ya mlowezi mwenye shamba ndiyo iliyofanywa makavazi, yakafunguliwa mwaka wa 1965.

Mary Leakey alichimba hapo mwaka wa 1937 na 1938. Alipata makaburi ya watu wa kale, vyungu, na vifaa vilivyochongwa kwa mawe. Hata bao limechongwa mwambani. Zilipatikana pia sarafu za kutoka Bara Hindi, ingawa pwani iko mbali sana na hapo.

Lakini linalotuhusu zaidi sisi wa Uasin Gishu ni yale mashimo. Yapo Hyrax Hill, na yapo mengi nyanda za juu za magharibi. Wazee husimulia kwamba yalichimbwa na Wasirikwa, waliokuwa hapa zamani. Kwa miaka mingi wageni walidhani watu waliishi ndani ya mashimo hayo. Mtafiti John Sutton, aliyeyachunguza kuanzia miaka ya 1960, alionyesha kuwa yalikuwa mazizi ya ng'ombe. Nyumba ya mwenye mifugo ilijengwa ubavuni, na mlango wake ukafungukia zizini. Samadi na matope vilizolewa na kurundikwa nje. Mwizi wa ng'ombe angeanzia wapi?

Angalia basi: ukweli huo haukutoka kitabuni, ulitoka udongoni. Trekta likishapita, ule mpangilio wa mlango, nyumba na rundo la samadi huvurugika, na hakuna mtaalamu atakayeweza kuurudisha. Shimo moja laweza kukupa magunia machache ya mahindi, lakini litakuwa limekwisha kusema.

Kwa hivyo, likizo ijayo, wapeleke watoto Hyrax Hill. Wakirudi, watembee nawe shambani wakitazama kwa macho mapya. Na jembe likigonga chungu cha kale au mifupa, usiuze wala usitupe. Sheria ya mwaka wa 2006 inakutaka uwaarifu Makavazi ya Kitaifa ya Kenya katika muda wa siku 7. Makavazi ya Kitale si mbali nawe.

Mwacha asili ni mtumwa, walinena wahenga. Wewe nawe, shimo lenu umewahi kumuuliza babu habari zake?