Kiingereza kwa Wana-Kamina (3): Maji, Unga na Habari

Wiki iliyopita tulimaliza nomino zinazohesabika, kama kitabu, treni au mwalimu. Tuliona kwamba nomino ya namna hiyo ikiwa katika umoja haiwezi kusimama peke yake: lazima itanguliwe na "a", "the", au neno jingine kama "my" au "this". Leo tunaingia kwenye nomino zisizohesabika, na hapa ndipo madaftari ya wanafunzi wetu yanapojaa wino mwekundu. "The life is hard." "I need an information." "He gave me an advice." Mtu yeyote aliyepita katika shule zetu anajua makosa haya yanatoka wapi. Chini yake kuna Kifaransa kitupu: "la vie est dure", "une information", "un conseil".

Kosa si la mwanafunzi. Mtoto wa Kamina hukua na Kiswahili na Kiluba, shuleni hukutana na Kifaransa, na Kiingereza humfikia akiwa sekondari, tena mara nyingi kwa maelezo ya Kifaransa. Sasa, katika jambo hili Kifaransa ni kiongozi mbaya. Kwa kawaida Mfaransa hataji maji bila kuyatangulizia neno: "l'eau" akiyasema kwa jumla, "de l'eau" akitaka kiasi fulani. Mwingereza husema "water" tu. Na sisi je? Husema "maji" tu. Kiswahili hakina "a" wala "the", na Kiluba kinasema "mema" vivyo hivyo bila kuongeza kitu. Sentensi "Maji ni uhai" inaingia katika Kiingereza neno kwa neno, "Water is life", bila kuongeza wala kupunguza. Anayepitia Kifaransa ndiye anayebeba "the" isiyotakiwa.

Tuanze na "a". Neno hili lilizaliwa kutokana na neno la Kiingereza cha kale, "ān", lenye maana ya moja. Maana hiyo haijalitoka hadi leo. Kusema "a flour" ni kama kusema "unga mmoja", na hakuna mama sokoni atakayekuelewa ukimwomba unga mmoja. Utaomba meka moja ya unga, kopo moja la chumvi, mfuko mmoja wa saruji. Kinachohesabiwa ni kipimo, na katika Kiingereza "a" hukaa hapo hapo kwenye kipimo: "a tin of salt", "a bag of cement", "a glass of water". Baada ya "of", unga na chumvi na maji hubaki wazi. Mtu akikumbuka namna anavyonunua vitu sokoni hawezi kukosea hapa.

Shida ya kweli ni maneno ambayo sisi tunayahesabu na Mwingereza hayahesabu. Mkate ni mfano. Tunasema mkate mmoja, mikate miwili, lakini "bread" ni kama unga: ni "a loaf of bread", "two loaves of bread". Au angalia mizigo pale stesheni ya Kamina, ambapo reli kutoka Lubumbashi inagawanyika, moja kuelekea Kananga na Ilebo, nyingine kuelekea Kabalo. Abiria ana mizigo mitatu, na Kifaransa kinamwambia "trois bagages". Kiingereza kinakataa. "Luggage" haina wingi, haikubali "a", haikubali tarakimu. Ni "three pieces of luggage". Katika kundi hili wamo "furniture" (samani), "equipment" (vifaa), "advice" (ushauri), "information" na "news" (habari), "homework" (kazi ya nyumbani), "research" (utafiti), "knowledge" (maarifa) na "evidence" (ushahidi). Haya hayana njia ya mkato. Yanakaririwa. Ukitaka moja, tumia "a piece of": "a piece of advice", "a piece of news".

Neno "news" linastahili uangalifu wa pekee kwa sababu lina "s" mwishoni na linadanganya macho. Zamani za Shakespeare, Waingereza wenyewe waliwahi kulitumia kama wingi. Leo ni umoja: "The news is good." Si kwamba kitu chenyewe kwa asili yake hakihesabiki, basi, ni lugha iliyoamua hivyo, na ingeweza kuamua vingine. Mwanaisimu wa Denmaki Otto Jespersen, aliyechambua sarufi ya Kiingereza kuliko wazaliwa wengi wa lugha hiyo, katika kitabu chake cha mwaka 1924 kuhusu falsafa ya sarufi aliliweka wazi jambo hili: neno lile lile linaweza kuhesabika katika lugha moja na lisihesabike katika nyingine. Kwa hiyo mwalimu asimwambie mwanafunzi kwamba habari "hazihesabiki". Zinahesabika kabisa. Ni "information" isiyohesabika.

Sasa "the". Wengi hudhani nomino isiyohesabika haiikubali kabisa. Inaikubali, pale msikilizaji anapojua ni kitu gani hasa kinachotajwa. "The train carries copper": treni inabeba shaba, shaba tu. "The copper on that train comes from Kolwezi": shaba ile iliyo kwenye treni ile. Kadhalika "water" kwa jumla, lakini "the water in this well", maji ya kisima hiki.

Na hapa Kiswahili kinatupa kipimo ambacho Kifaransa hakina, nami nasikitika kwamba hakitumiki madarasani. Katika Kiswahili sanifu tunasema "Nimenunua sukari", na pia "Nimeinunua sukari". Ile "-i-" ndogo katikati ya kitenzi inaeleza kwamba sukari tunaijua: tuliizungumzia asubuhi, au wewe ndiye uliyenituma. Sentensi ya kwanza ni "I have bought sugar", au "some sugar". Ya pili ni "I have bought the sugar". Vivyo hivyo "Umeleta maji?" na "Umeyaleta maji?" Ukisikia kiambishi hicho kinataka kuingia, au ukihisi ungesema "ile sukari", "yale maji", weka "the". Usipokisikia, acha. Kipimo hiki ni cha vitu tu. Kwa watu na wanyama kiambishi huingia kwa sababu nyingine, kwa hiyo usikitegemee huko.

Tahadhari moja kuhusu sifa. Kifaransa husema "la musique congolaise", na mwanafunzi huandika "the Congolese music". Sifa ikitangulia nomino haileti "the": ni "Congolese music", "fresh fish", "hard work". Lakini ukigeuza ukatumia "of", mara nyingi "the" inarudi: "the music of Congo", "the history of Katanga".

Yapo pia maneno yanayovuka mpaka. "I ate chicken" ni nyama ya kuku. "I ate a chicken" ni kuku mzima, aliyeliwa na mtu mmoja. "Iron" ni chuma, "an iron" ni pasi. "Paper" ni karatasi kama kitu cha kuandikia, "a paper" ni gazeti au andiko la kitaaluma. "Coffee" ni kahawa, lakini mhudumu wa mkahawa huambiwa "a coffee" na akaleta kikombe kimoja. Na "work" ni kazi kwa jumla: anayetafuta ajira huandika "I am looking for work" au "a job", kamwe si "a work". Tangu nchi yetu iingie Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, vijana wengi zaidi watahitaji kuandika barua za namna hii, na barua ya kuomba kazi husomwa kwa jicho kali.

Zoezi la wiki hii. Jaza "a", "the" au uache wazi: "… salt is expensive this month." "… salt in this sack is wet." "She needs … advice about … work." "We want … bag of cement and … sand." Majibu yatatoka katika sehemu ya nne, ambapo tutaangalia majina ya mito na miji, na kwa nini tunasema "the Lualaba" lakini "Bukama".