Jedwali la bei: Vichwa vikipotea, fedha nazo hupotea

MFANYABIASHARA anayefungua jedwali la bei za hisa kwenye simu yake huanza vizuri. Juu anaona majina ya safu: kampuni, bei ya kufungua, bei ya kufunga, idadi ya hisa zilizouzwa na thamani ya mauzo. Akishuka hadi mstari wa thelathini, majina hayo yamekwishapotea juu ya kioo. Anabaki na tarakimu tupu.

Chukua mfano wa mstari unaosomeka 1,850, kisha 1,900, kisha 2,100. Je, hiyo 2,100 ni bei ya kufunga au ni idadi ya hisa? Mwenye kukisia na kumpigia dalali wake haraka haraka anaweza kutoa agizo la kununua kwa bei iliyo juu ya ile ya soko. Agizo likishatekelezwa, hasara ni yake, wala si ya aliyetengeneza ukurasa.

Kanuni ilikuwapo zamani

Dawa ya kasoro hii ilifikiriwa mapema. Majedwali yaliingia katika toleo la 3.2 la HTML, lugha inayoandikiwa kurasa za intaneti, Januari 1997. Desemba mwaka huo huo shirika la W3C lilitoa HTML 4.0, ambayo iligawa jedwali katika sehemu tatu: kichwa (thead), kiwiliwili (tbody) na mguu (tfoot).

Nia ilikuwa wazi. Kiwiliwili kiweze kusogezwa huku kichwa na mguu vikibaki mahali pake, na jedwali refu likichapishwa, kichwa kirudiwe katika kila karatasi. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilipoanza biashara Aprili 1998, kwa hisa za kampuni ya TOL, kanuni hiyo ilikuwa tayari imeandikwa.

Hata hivyo, kuandikwa ni jambo moja na kutekelezwa ni jingine. Matoleo ya zamani ya Firefox yaliruhusu kiwiliwili kusogezwa peke yake, lakini vivinjari vingine havikufuata, na baadaye Firefox nayo ikauondoa uwezo huo.

Mafundi wakatafuta njia za mkato. Wengine walitengeneza majedwali mawili, moja la vichwa na jingine la tarakimu, wakayapanga juu na chini. Tarakimu moja ikiwa ndefu kuliko kawaida, safu ziliachana na bei ikakaa chini ya kichwa kisicho chake. Wengine walibandika picha ya jedwali, ambayo mtu hawezi kuitafutia neno wala kunakili tarakimu zake.

Njia ya sasa

Leo hakuna sababu ya ujanja huo. Amri ya CSS iitwayo position: sticky, iliyoingia Firefox mwaka 2014 na Chrome mwaka 2017, hukishikilia kichwa cha safu juu ya kioo wakati tarakimu zikipita chini yake. Amri hiyo hiyo hushikilia safu ya kwanza, yenye majina ya kampuni, msomaji anaposogea kulia. Jedwali hubaki moja.

Fundi huliweka jedwali ndani ya kisanduku kinachosogezwa kwa amri ya overflow. Hapa ipo mitego mitatu. Kwanza, kisanduku kisipowekewa kikomo cha urefu, kichwa hakitashika kama ilivyotarajiwa ukurasa unaposhuka. Pili, kichwa kisipopewa rangi ya nyuma, tarakimu zitaonekana kupitia humo na kuchanganyika na maandishi. Tatu, kuligeuza jedwali lenyewe kuwa kisanduku kunaweza kuvunja uhusiano wa safu na mistari kwa programu zinazosoma kurasa kwa sauti.

Suala hili la tatu si dogo. Mwekezaji asiyeona husikiliza jedwali. Kila kichwa kikiandikwa kwa alama ya th na kuonyeshwa kwa scope kwamba ni cha safu au cha mstari, programu inaweza kumtajia jina la safu pamoja na bei. Kisanduku nacho kipewe jina na tabindex="0", ili asiyetumia kipanya aweze kukisogeza kwa vitufe.

Kabla ya kumlipa fundi

Mwenye duka la jumla, dalali au chama cha ushirika kinachotaka kutangaza bei zake hakihitaji kujua lugha hiyo. Majaribio manne yanatosha. Fungua ukurasa kwenye simu ndogo, ushuke hadi mstari wa mwisho na uangalie kama vichwa bado vinaonekana. Sogea kulia uone kama jina la bidhaa limebaki. Weka kipanya kando na ujaribu kwa vitufe pekee. Mwisho, chapisha na uangalie kama karatasi ya pili ina vichwa.

Jaribio likishindwa, kazi haijakwisha na malipo ya mwisho yasubiri. Bei isiyojulikana ni ya nini haimsaidii muuzaji wala mnunuzi.