Mwenyekiti asishike funguo zote

Wakulima wa mwani wa Mlingotini, wilayani Bagamoyo, hupanga kazi kwa kufuata bahari. Siku za bamvua, maji yanapokupwa sana, mbegu hufungwa kwenye kamba na mwani uliokaa takriban wiki 6 huvunwa. Ukishaanikwa ukakauka, mvua ikiunyeshea ubora hushuka, na bei nayo.

Katika kazi ya namna hii, kikundi ambacho mizani, daftari na ufunguo wa ghala vyote viko kwa mwenyekiti kinajitafutia hasara. Akienda msibani Dar es Salaam siku mnunuzi anapofika, mzigo unabaki.

Wenyeviti wengi husema wanaogopa wizi. Hofu hiyo si ya bure, ila dawa yake wanachama wanaijua kutoka vikundi vya kuweka na kukopa, mtindo ulioanzia Niger mwaka 1991 kwa msaada wa shirika la CARE: sanduku lina kufuli 3, funguo ziko kwa watu 3, na fedha huhesabiwa mbele ya wote.

Ghalani inawezekana vivyo hivyo. Mmoja apime, mwingine aandike, wa tatu atunze ufunguo. Bei ya chini kabisa ipangwe na kikundi mapema, na hao watatu waruhusiwe kuuza kwa bei hiyo au zaidi bila kumpigia simu mwenyekiti. Hapa ndipo wengi hukwama: wanakabidhi mizani, kisha wanarudi kuulizia kila kilo. Huyo hajakabidhi kitu. Makosa ya mwanzoni yasomwe mkutanoni, na aliyekosea aendelee kupima.