Meseji ya malipo inaweza kukusaidia kortini

Umemtumia jirani hapo Kipsongo shilingi 20,000 aongeze stoki ya mitumba. Leo anakana, eti ulikuwa unamlipa deni lake. Meseji yetu inaonyesha jina, kiasi, tarehe na saa. Kwa nini ulituma, haisemi, na hapo ndipo wengi hukwama. Basi kabla ya kutuma mwandikie: "Hii pesa ni mkopo, sawa? Utarudisha lini?" Ngoja ajibu.

Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, husikiza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000. Unaweza kujisimamia bila wakili (ada ya wakili ingemaliza hizo 20,000!), na uamuzi unatakiwa kutoka ndani ya siku 60. Tangu Machi 2024 kesi huwasilishwa kwa mtandao kote nchini.

Picha ya skrini peke yake isikutoshe. Kifungu 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka cheti kinachoeleza nakala ilitolewa vipi na kwa kifaa gani. Usifute meseji. Simu ikiibiwa, tuombe taarifa ya akaunti yako, hatutakuuliza PIN.