SHERIA YA USALAMA WA NYUKLIA NA WAJIBU WA MWENYE KIBALI

Neno nyuklia linapotajwa, wengi hufikiria mabomu au mitambo mikubwa ya umeme ya nchi za mbali. Tanzania haina mtambo wa umeme wa nyuklia. Hata hivyo, vifaa vya mionzi vimo katika shughuli za kila siku: mashine za eksirei hospitalini, vyanzo vya mionzi vya kutibia saratani, na vipimo vya viwandani na vya ujenzi wa barabara. Kwa hiyo sheria hii yamhusu daktari, mhandisi, ofisa wa forodha, mtunza ghala na hata mnunuzi wa vyuma chakavu.

Mwaka 1983 ilitungwa Sheria ya Kinga ya Mionzi, Namba 5, iliyounda Tume ya Taifa ya Mionzi. Nafasi yake ilichukuliwa na Sheria ya Nguvu za Atomiki, Namba 7 ya mwaka 2003, iliyounda Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania. Tume hiyo ndiyo yenye dhamana ya kutoa vibali na kukagua.

Msingi wa sheria za namna hii duniani ni mambo manne. Kwanza, hakuna ruhusa ya kuwa na chanzo cha mionzi, kukitumia, kukisafirisha au kukitupa bila ya kibali. Pili, dhamana ya kwanza ya usalama ni ya mwenye kibali mwenyewe. Ukaguzi wa Serikali haumwondolei dhamana hiyo. Tatu, anayesimamia usalama asiwe chini ya amri ya anayeendesha au kuendeleza matumizi ya nyuklia. Kanuni hizi zimo pia katika Mkataba wa Usalama wa Nyuklia uliopitishwa Vienna mwaka 1994, miaka minane baada ya ajali ya Chernobyl. Nne, mionzi ina kiwango chake. Kwa mujibu wa viwango vya kimataifa, mwananchi wa kawaida asipokee zaidi ya milisiveti 1 kwa mwaka kutokana na shughuli hizo, na mfanyakazi wa mionzi asizidi wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka katika kipindi cha miaka 5. Mgonjwa anayepimwa au kutibiwa hahesabiwi humo, kwani kipimo chake huamuliwa na daktari kwa manufaa yake.

Madhara ya kupuuza kibali yalionekana katika mji wa Goiânia, nchini Brazil. Zahanati moja ya matibabu ya saratani ilihama jengo lake na kuacha nyuma mashine yenye sesiamu 137, bila ya kuiarifu mamlaka kama masharti ya kibali yalivyotaka. Mwezi Septemba 1987 watu wawili waliingia katika jengo hilo lililobomolewa nusu, wakaing'oa sehemu ya mashine na kuiuza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Ndani yake mlikuwa na unga uliong'aa rangi ya buluu gizani. Watu waliustaajabia, wakagawiana jamaa na majirani. Wengine walijipaka mwilini. Waliokufa ni wanne, akiwemo mtoto wa miaka sita. Watu zaidi ya 112,000 walipimwa, na 249 wakakutwa na uchafu wa mionzi. Nyumba kadhaa zilibomolewa.

Sheria ilikuwepo, na kibali kilikuwepo. Kilichokosekana ni taarifa moja wakati wa kuhama.

Inafaa kufahamu kwamba mashine ya eksirei ikizimwa haitoi mionzi. Chanzo kama sesiamu hakizimwi. Baada ya miaka 30 nguvu yake hupungua kwa nusu tu. Kwa sababu hiyo, kifaa kisichotumika huhitaji ulinzi kama kile kinachotumika. Kiongozi wa idara anapohamishwa au kustaafu, chanzo cha mionzi hakina budi kuandikwa katika hati ya makabidhiano, na anayepokea akione kwa macho yake kabla ya kutia saini.

Kwa upande wa wananchi, alama ya hatari ni mapanga matatu, meusi au ya zambarau, katika uwanja wa manjano. Tangu mwaka 2007 ipo pia alama ya pembetatu nyekundu yenye fuvu la kichwa na mtu anayekimbia. Mwenye kuokota au kuletewa chuma chenye alama hizo, au chombo kizito cha risasi kilichofungwa madhubuti, asikifungue, asikikate wala asikipeleke nyumbani. Akiache palipo, awaweke watu mbali, hasa watoto, na atoe taarifa mara moja kwa Sheha au kituo cha Polisi kilicho karibu ili Tume iarifiwe.