Shehe mwenye gazeti

Wandugu wa mugodi, Al-Amin bin Ali Mazrui alikuwa shehe wa Mombasa, alizaliwa 1891. Mwaka 1930, Waingereza wakitawala Kenya, akatoa karatasi ndogo ya Kiswahili, As-Sahifa. Mwaka 1932 ikafuata Al-Islah, maana yake matengenezo. Humo alihimiza Waislamu wasomeshe watoto, wa kike nao. Hakuchekea mukoloni, na wenzake wa dini hakuwabembeleza. Hapo ndipo ninamupenda. Sisi wa sendika tunajua: mukubwa anaogopa karatasi kuliko kelele.

Huku kwetu Maniema, Wabelgiji waliweka masomo mikononi mwa misioni, watoto wengi wa Waislamu wakabaki inje. Shehe yeye, serikali ileile ikamuweka Kadhi Mkuu 1937. Alikufa 1947. Mwana wake Ali akafundisha Makerere, profesa.