Weusi wa Chuchu Si Uchafu

Mimba imetimiza miezi minane. Mama yuko bafuni, anajitazama, anashtuka. Duara linalozunguka chuchu limepanuka na kuwa jeusi tii, na juu yake vimeota vipele vidogo kama vya baridi. Mkono unakwenda kwenye dodoki. Pengine ndivyo alivyoagizwa na shangazi: "Sugua, mwanangu, zikomae, mtoto asije akakuchubua."

Shangazi ana nia njema, lakini namwomba mama aliweke dodoki chini.

Weusi ule ni kazi ya homoni za ujauzito, ambazo huziamsha seli zinazotengeneza rangi ya ngozi. Ndizo hizo hizo zinazochora mstari mweusi tumboni. Baada ya kujifungua rangi hufifia polepole, ingawa si lazima irudi kama ya zamani.

Vipele navyo ni tezi. William Montgomery, daktari wa Ireland, alizieleza kitabuni mwaka 1837 kama dalili mojawapo ya mimba, na mpaka leo zinaitwa kwa jina lake. Hutoa mafuta yanayolainisha chuchu. Tena zina harufu: mwaka 2009 watafiti wa Ufaransa walichukua majimaji ya tezi hizo kwa akina mama wanaonyonyesha, wakayasogeza puani mwa watoto wa siku 3. Vichanga wakaanza kuchezesha midomo, na majimaji yenyewe hayakuwa ya mama zao! Sasa fikiria tunachokiondoa kila asubuhi kwa sabuni na dodoki.

Maji matupu yanatosha kuoshea chuchu. Ukizisugua, ngozi inakauka na kupasuka, na kidonda kinakutangulia kabla hata mtoto hajashika titi. Kinachozuia michubuko ni kumpakata mtoto vizuri, ashike titi kwa kinywa kipana, si ncha ya chuchu peke yake. Isitoshe, kuzichezea chuchu kwa muda mrefu huamsha oksitosini, homoni inayobana mfuko wa uzazi. Kwa mama aliye katika hatari ya kuzaa njiti, hilo si jambo la kujaribu. Vipele pia visibinywe, maana vinaweza kuingiwa na vijidudu.

Ukiona ukoko wa manjano kwenye chuchu, hiyo ni dang'a, maziwa ya mwanzo, iliyovuja na kukauka. Usiubandue kwa kucha. Lowesha kitambaa safi kwa maji ya uvuguvugu, kiweke juu dakika chache, utalainika wenyewe. Sidiria ikilowa, badilisha.

Ngozi inayotanuka huwasha, na mafuta ya nazi huipa nafuu. Michirizi hayaizuii, na sijui mafuta mengine yaliyothibitika kuizuia, hata yauzwe ghali namna gani. Ila muwasho ukihamia viganjani na kwenye nyayo, ukazidi usiku, na hakuna upele, nenda kituo cha afya upesi. Huenda ini limeelemewa, na hali hiyo ni ya hatari kwa mtoto aliye tumboni.

Kinachonitia hofu kuliko dodoki ni mkorogo unaopakwa kwenye titi ili kuondoa weusi ule. Baadhi ya krimu za kung'arisha ngozi zina zebaki, na zebaki hupenya ngozi, ikavuka kondo la nyuma hadi kwa mtoto. Ukishajifungua, titi hilo hilo ndilo atakalotia mdomoni.

Mjamzito huambiwa kila kitu ni "maziwa yanakuja". Si kila kitu. Uvimbe usioondoka, ngozi iliyobonyea au kuwa na vishimo kama ganda la chungwa, chuchu iliyoingia ndani ghafla, kidonda au magamba ya chuchu moja yasiyopona, damu inayotoka kwenye chuchu, wekundu wenye joto na homa: mwoneshe mkunga au daktari, hata kama siku ya kliniki haijafika. Ultrasaundi ya titi haimdhuru mtoto, na hakuna haja ya kungoja mpaka ujifungue.